Kimya cha Mwanajopo wa Tisa

Siku Verlene Gaskins alipokutana na Conrad Dudek, soko la Reading lilikuwa limejaa hadi watu wanakula wamesimama. Ilikuwa Jumanne ya Oktoba, saa sita mchana, na ungedhani Philadelphia nzima imeshikwa na njaa kwa pamoja. Makarani, wauguzi, watalii na wauza samaki wenye aproni zilizolowa walikuwa wakigombea viti kumi na viwili vya kaunta ya mikate ya nyama. Verlene alibahatika kupata kimoja. Alikuwa amevaa koti la rangi ya zabibu na skafu ya manjano, na kando ya sahani yake alikuwa amefungua kijitabu chembamba cha Katiba, akitafuta kifungu ambacho wakili mmoja alikuwa amekitaja vibaya asubuhi ile.

Jirani yake aliiminya chupa ya haradali. Kifuniko kikaruka.

"Mama yangu wee! Samahani, dada. Samahani sana. Nimekuchafua?"

"Mimi mzima," Verlene alisema, akikiinua kijitabu kwa ncha za vidole. "Umeichafua Ibara ya Tatu."

Mtu yule aliinama kutazama. Alikuwa bonge la mtu, mwenye mvi za kukata fupi na ovaroli ya buluu iliyotariziwa jina kifuani: Conrad. "Ibara ya Tatu," akasema taratibu, kama aliyetajiwa jirani anayemfahamu. "Afadhali. Ile fupi. Ingekuwa ya Kwanza tungekuwa hapa mpaka jioni tukipangusa."

Verlene akacheka. Alishtuka kujisikia akicheka.

"Wewe mwanasheria?" akamuuliza.

"Mimi? Fundi wa lifti. Wanasheria kazi yangu kuwapandisha na kuwashusha tu."

"Basi tuko sawa. Mimi kazi yangu kuwaandika tu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka kumi na tisa Verlene alikuwa mnakili wa mahakama, Chumba Namba Saba, anakaa mbele ya meza ya jaji na mashine yake ndogo, vidole vikinasa kila neno la kila mtu isipokuwa lake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mumewe wa zamani alikuwa askari wa mahakama hiyo hiyo, na walipoachana, korido zote zilijua kabla wakili wake hajajua. Tangu siku hiyo alijifunza kuingia kazini kama kivuli na kutoka kama kivuli. Majira ya kuchipua yaliyopita alikuwa amemzika mama yake, na sasa nyumba ya ghorofa moja kule magharibi mwa mji ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala na sahani moja kwenye kichanja.

"Alhamisi saa kumi na mbili jioni," Conrad alisema akijifuta vidole, "kuna kikundi maktaba ya mtaani kwetu. Tunaongea habari za Katiba, historia yake, kesi zake. Bila kutukanana."

"Nchi hii? Bila kutukanana?"

"Njoo uone maajabu."

Alikwenda. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia.

Walikuwa watu tisa kuzunguka meza ya mbao, kahawa ya birika na biskuti za tangawizi. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Imelda Quarles, mwalimu mstaafu wa historia mwenye miwani ya mnyororo. Alikuwa na sheria moja tu, na aliishika kama askari: huruhusiwi kumjibu mtu mpaka umeieleza hoja yake kwa maneno yako, na yeye mwenyewe akubali kwamba hivyo ndivyo alivyosema.

Jioni hiyo walikuwa wakizungumzia ule mkutano wa mwaka 1787, uliofanyika mwendo mfupi tu kutoka hapo, ambapo wajumbe waliandika Katiba madirisha yakiwa yamefungwa katikati ya joto ili mtu wa nje asisikie.

"Mimi naona walifanya vema," Conrad alisema. Sasa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. "Mtu akishasema jambo mbele ya watu, anaona haya kulirudisha. Mle ndani mtu alisema hivi Jumatatu, Ijumaa akageuka, na hakuna aliyemzomea. Bila siri ile tusingekuwa na Katiba."

"Nani anamjibu?" Mama Quarles aliuliza.

Verlene aliuona mkono umenyanyuka, kisha akagundua ni wake.

"Bwana Dudek anasema," alianza, "kwamba ukweli unahitaji faragha kabla haujakomaa. Kwamba mtu asiyechungulia dirishani kuona nani anamsikiliza ndiye anayeweza kukiri kwamba amekosea."

"Hivyo ndivyo," Conrad alisema. "Tena umenisema vizuri kuliko nilivyojisema."

"Sasa jibu langu. Madison, mmoja wa wajumbe, alikaa mbele akiandika kila kitu. Lakini naye alikuwa msemaji. Mimi ile ndiyo kazi yangu, na nawaambia, mtu hawezi kusema na kunakili kwa wakati mmoja. Alipokuwa amesimama akisema yeye, nani alikuwa anamwandika? Na maandishi yake yalitoka hadharani miaka hamsini na mitatu baadaye, yeye mwenyewe ameshakufa. Katika chumba kile waliwahesabu watu wa kwetu, waliokuwa watumwa, kila mmoja sehemu tatu tu kati ya tano za mtu. Bibi yake bibi yangu alizaliwa, akauzwa na akazikwa bila kujua nani alisema nini siku ile."

Hakuna aliyegusa biskuti. Conrad alikuwa akimtazama, na hakuharakisha.

"Bi. Gaskins anasema," alianza, "kwamba siri ni tamu kwa aliyemo chumbani. Aliyeko nje ndiye anayeilipia."

"Ndiyo," alisema Verlene. "Hivyo ndivyo."

Ilimbidi aangalie kikombe chake. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akirudia maneno ya watu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu aliyarudia ya kwake.

Baada ya hapo Alhamisi zikawa na miguu ya haraka. Wakaanza kuondoka maktaba pamoja, kisha wakaanza kufika pamoja. Conrad alikuwa mjane wa miaka sita, hana mtoto, anaishi Port Richmond katika nyumba aliyozaliwa. Simu zake zilianza kuingia jioni, Verlene anapovua viatu.

"Hujambo Bi. Mnakili?"

"Sijambo Bwana Lifti. Leo umemkwamisha nani?"

"Mawakili wanne, ghorofa ya kumi na tano. Nilikaa juu ya lifti nikiwasikiliza wanavyotubu."

"Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu. Mmoja aliahidi kumpigia mama yake simu kila Jumapili."

"Ungewaacha kidogo basi, laazizi."

"Umeniitaje?"

"Sijaita kitu. Simu yako mbovu."

Kabla ya Krismasi Verlene alimpikia mboga za majani kwa bata mzinga wa moshi, na Conrad alikula sahani tatu akifumba macho. Alikuja na vijisambusa vya viazi na jibini alivyokunja mwenyewe kwa mikono ile mikubwa, vyote vimekaa upande kama vimelewa. Mvua ilikuwa ikipiga dirisha. Alipomshika mkono mezani, Verlene hakuuondoa, ila alisema lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo.

"Conrad, mimi na wewe tusiwe habari ya mtu. Kazini kwangu hasa. Nimeshakuwa habari mara moja, sitaki tena."

"Kikundi je?"

"Hata kikundi."

"Hata nikikutana nawe barabarani?"

"Barabarani nisalimie kama mtu wa kanisani."

"Mimi Mkatoliki, wewe Mbaptisti."

"Basi nisalimie kwa mbali." Walicheka, lakini Conrad alikaa kidogo akimtazama, kisha akasema sawa, kama unataka hivyo, ni sawa.

Januari Conrad akampigia simu akihema. "Verlene! Nimepata wito wa jopo la mahakama! Wiki ijayo!"

Verlene alijua maana yake kwa Conrad. Baba yake Conrad alikuja kutoka Poland, mahali ambapo, alivyokuwa akisema mzee, hukumu ilifika mahakamani kabla ya mshtakiwa. Alimlea mwanawe kwa Rekebisho la Sita la Katiba kama wengine wanavyolelewa kwa sala: katika nchi hii mtu anahukumiwa na jopo la majirani zake kumi na wawili, hata fundi anaweza kumsimamia mtu haki. Conrad alikuwa ameshaitwa mara tatu maishani, na mara zote tatu alirudishwa nyumbani bila kuchaguliwa.

"Nikija nikaangukia chumba chako je?" aliuliza.

"Vyumba viko kibao, na watu mia tatu wanaitwa. Hutafika kwangu."

"Na nikifika?"

Verlene alikuwa akikoroga supu, simu ameibana begani. "Ukifika, wewe hunijui na mimi sikujui," alisema akicheka.

Jumatatu ile, watu arobaini waliingia Chumba Namba Saba wamepanga mstari, na wa tisa alikuwa Conrad. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai ya buluu. Alimwona, macho yake yakakaa kwake muda wa kupepesa, halafu yakahamia bendera.

Kesi ilikuwa ya kijana mmoja aliyeshtakiwa kumjeruhi mwenzake kwa kisu. Jaji Marguerite Ruthven, mwanamke mwembamba asiyeharakisha neno, aliwasalimia, akawaeleza kesi, kisha akauliza swali ambalo Verlene alikuwa ameshaliandika zaidi ya mara elfu.

"Kuna yeyote kati yenu anayemfahamu mtu yeyote katika chumba hiki? Mimi, mawakili, mshtakiwa, karani wetu, au mnakili wetu, Bi. Gaskins? Nyoosha mkono."

Mwanamke mmoja alinyoosha; alisoma na mwendesha mashtaka. Akaruhusiwa kuondoka.

"Mwingine?"

Mikono ya Verlene ilikuwa juu ya mashine. Alimtazama mtu wa tisa. Conrad alikuwa amekaa wima, viganja juu ya magoti, anatazama mbele. Sekunde zikapita. Katika kazi ya Verlene kimya nacho kina namna yake ya kuandikwa, na vidole vyake, vilivyozoea kutii kuliko yeye mwenyewe, vikaandika: *Hakuna jibu.*

Alipaswa kusimama pale pale, na alijua hivyo. Lakini maneno ya Jaji yaliendelea kuja, na ilibidi yaandikwe. Alasiri watu kumi na wawili waliapishwa pamoja na wawili wa akiba. Conrad aliinua mkono wake wa kulia, na sauti yake ilitetemeka kwa heshima ya kiapo.

Jioni hiyo Verlene alikaa na simu mapajani. Haikulia. Alijiambia kwamba anafikiria sheria. Kesho yake saa mbili asubuhi aligonga mlango wa ofisi ya Jaji, akamweleza.

Wakaletwa wote: mawakili, mshtakiwa, Conrad. Mnakili mwingine aliitwa kutoka ghorofa ya juu, kwa kuwa Verlene sasa alikuwa sehemu ya jambo linaloandikwa. Hakuwa amewahi kukaa upande ule wa mashine. Alihisi kama amevuliwa nguo.

"Bwana Dudek," Jaji alisema, "unamfahamu Bi. Gaskins?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Kwa namna gani?"

Conrad alimgeukia Verlene, na hata wakati ule alimtazama kama anayeomba ruhusa. "Tunajadiliana habari za Katiba, Mheshimiwa."

Wakili wa utetezi akakohoa kuficha kicheko.

"Na zaidi ya kujadiliana?"

"Zaidi ya kujadiliana," Conrad alisema, masikio yakimwiva, "nampenda."

Alikuwa hajawahi kumwambia neno hilo. Sasa Verlene alilisikia mara ya kwanza mbele ya watu saba, likifuatwa na mgongano mdogo wa vidole vya mtu mwingine vikilinasa.

Jaji hakufoka. Alisema kwamba mshtakiwa yule ana haki ya jopo ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama bila shaka, na swali linaloulizwa chini ya sheria halina jibu la nusu. Akamwondoa Conrad, akamweka wa akiba mahali pake. Conrad aliomba msamaha, akavua ile beji ya mwanajopo kutoka kwenye suti yake, akaiweka juu ya meza taratibu. Alipita mbele ya Verlene bila kumtazama.

Kufikia saa tano korido zilikuwa zinajua. "Kumbe Bi. Gaskins naye yumo!" karani mmoja alisema kwenye lifti, wala hakupunguza sauti. Verlene alipewa barua ya onyo kwa kuchelewa kusema, akahamishiwa ghorofa ya chini, kesi za barabarani. Huko watu husema kidogo: taa ilikuwa nyekundu, haikuwa nyekundu. Hata vidole vyake vilikuwa na upweke.

Jioni ile alimpigia Conrad. Simu ililia mpaka ikachoka. Akapiga tena kesho yake, akaacha ujumbe.

"Conrad, ni mimi. Ukisikia, nipigie." Akasita. "Sijui niseme nini kwenye mashine."

Conrad alipiga siku ya tatu, na mazungumzo yalikuwa ya adabu mno.

"Nakuelewa, Verlene. Ulifanya ulichopaswa kufanya."

"Na mimi nakuelewa. Ulidhani unashika ahadi."

"Sawa."

"Sawa."

Hakuna aliyepandisha sauti, na simu ilipokatika Verlene aliona kwamba wangepigana makofi ingekuwa nafuu.

Februari ikaja na theluji chafu. Alhamisi aliendelea kwenda maktaba, anachukua kiti kile kile, na Mama Quarles akawa anaacha kiti cha Conrad mahali pake. Walizungumzia haki ya kunyamaza, ile ya Rekebisho la Tano, na Verlene hakunyoosha mkono. Nyumbani alipika kwa ajili ya watu wawili bila kukusudia, akala chakula hicho hicho siku nne. Siku nyingine alijikuta amesimama kwenye ngazi, katikati ya chini na juu, hana sababu ya kupanda wala ya kushuka.

Alhamisi ya kwanza ya Machi Mama Quarles alimshika mkono mlangoni.

"Mwanangu, si kazi yangu kusema. Conrad anahamia Pittsburgh Jumatatu. Kampuni yao inafunga lifti hospitali mpya, miezi kumi na minne. Amekuja kurudisha vitabu."

"Hakuniambia."

"Na wewe hukumuuliza. Nendeni mkagombane, jamani. Sheria yangu ni ya maktaba. Sikuwapa mkaishi nayo."

Jumamosi asubuhi alipanda basi hadi Port Richmond, koti la zabibu, skafu ya manjano, moyo mkavu. Conrad alifungua mlango akiwa na fulana na soksi. Nyuma yake kulikuwa na masanduku ya vifaa na picha zilizoshushwa ukutani.

"Ulikuwa uondoke bila kuniaga?"

"Karibu ndani, kuna baridi."

"Usinikaribishe kwa adabu, Conrad! Nimechoka na adabu yako. Ulinikana mbele ya watu arobaini. Niliandika kukanwa kwangu kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Wewe ndiye uliyesema! Ukifika hunijui! Maneno yako!"

"Nilikuwa napika supu! Ulikuwa utani!"

"Ningejuaje utani ni upi? Barabarani nikusalimie kwa mbali, kwenye kikundi nisikutazame, kwako niingilie mlango wa nyuma. Wewe ndiye uliyetuambia siri inalipiwa na aliyeko nje. Basi mimi ndiye nilikuwa nje, Verlene! Miezi mitatu nimekaa nje!"

Jirani wa upande wa pili aligonga ukuta. Hakuna aliyemjali.

"Ulikuwa kwa ajili yangu tu, ule ukimya?" Verlene aliuliza. "Niambie ukweli. Au ulikitaka kile kiti?"

Conrad akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Nilikitaka," alisema. "Nilikitaka sana. Ningenyoosha mkono ningerudishwa nyumbani mara ya nne. Nikajiambia ni kwa ajili yako, na ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Ile aibu ndiyo ilinifanya nisipokee simu. Sikuwa na hasira nawe hata kidogo. Wakati mwingine nilikuwa nayo. Mara nyingi sikuwa nayo."

Verlene alivua skafu, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kama msichana.

"Na mimi nina langu. Ningeweza kusema Jumatatu ile ile. Nilingoja mpaka kesho yake, na haikuwa mshtuko kama nilivyomwambia Jaji. Nilikuwa nangoja simu yako. Nilijiambia, akinipigia jioni hii akasema neno lolote, nitajua mimi ni nani kwake."

"Nilikuwa nimeapa," Conrad alisema kwa sauti ndogo. "Jaji alituambia tusiongee na mtu yeyote wa mahakama. Nilikaa hapa hapa, simu iko pale mezani. Nilikuwa nimeshavunja moja. Nikasema angalau hili nilishike."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ametii, na utii wao uliwafikisha hapo. Verlene akaanza kulia, kisha kulia kukachanganyika na kicheko, na Conrad akaja kukaa naye sakafuni, magoti yakimlia kama bawaba. Akamlaza kichwa begani mwake. Walikaa hivyo hadi mwanga wa dirishani ukahama.

Lakini kazi ilikuwa imeshakubaliwa na nyumba imeshapangishwa. Jumatatu Verlene aliomba ruhusa ya nusu siku, akamsindikiza stesheni. Walisimama kwenye foleni ya treni ya mchana, wasafiri wakiwapita na masanduku yao, na walikuwa na haya kama watoto.

"Ule vizuri," alisema Verlene.

"Nitakula. Na wewe uwashe joto, acha ubahili wako."

"Nenda bwana, watu wanapanda."

Alibaki pale hata ubao ulipobadilisha majina ya treni mara mbili.

Zikawa simu za Jumapili, saa tisa alasiri. Wakati mwingine walikuwa na mengi, wakati mwingine waliachiana pumzi tu. Conrad alimweleza vilima vya Pittsburgh na chumba chake kilichotazamana na ukuta. Verlene alimsomea mabishano ya Alhamisi, akiigiza sauti zote. Ile kesi ya kisu iliisha, jopo likamwachia kijana, na Conrad akasema, wamefanya kazi nzuri. Kisha simu hukatwa, na jioni ya Jumapili hubaki ndefu, upande huu na upande ule wa jimbo.

Juni, Jumapili ya pili, sauti ya Conrad ilikuwa na kitu.

"Leo kwa dobi mama mmoja ameniuliza kama nimeoa."

"Eh! Mama gani huyo? Mzuri?"

"Ana miaka themanini. Sikiliza basi. Nikamwambia, bado. Nikachukua mashati yangu nikatembea mitaa minne na lile neno. Bado. Mbona sikusema hapana? Bado ni kungoja kitu, Verlene. Mimi nangoja nini, kama si wewe?"

Jokofu lilikuwa likinguruma. Verlene alisimama katikati ya jiko.

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza. Nikimaliza huku narudi, mwakani mwezi wa tano. Unioe au nikuoe, vyovyote utakavyo. Sina pete, nina mashati manne safi."

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo ya kufikiria, au…"

"Ndiyo, Conrad. Ndiyo nzima."

Alimsikia akivuta kamasi. Wakaongea upuuzi kwa dakika ishirini, kisha simu yake Conrad ikaisha chaji, na nyumba ikawa kimya.

Verlene alibaki na habari kubwa kuliko zote za maisha yake, na mama hayupo. Alipitisha kidole kwenye majina ya simu: daktari wa meno, fundi bomba, msusi, karani wa zamu. Alifika mwisho wa orodha upesi. Akaweka simu mezani, akatoka nje kwenye baraza ya mbele, kwenye joto.

Kwenye baraza ya pili, inayotenganishwa na yake kwa ukingo wa chuma tu, jirani yake Bi. Odette Crump alikuwa akimwagilia maua, na kofia ya majani kichwani. Walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na nne na mazungumzo yao hayajavuka salamu na habari za mvua.

"Jua kali," Bi. Crump alisema.

"Bi. Crump, naolewa."

Maji yalimwagikia sandali za Bi. Crump. "Wee! Lini? Na nani, mwanangu? Mbona sijapata kumwona mtu akigonga hapo kwako?"

Kabla Verlene hajajibu, Bi. Crump alikuwa ameshafunga bomba, ameshasogeza kiti chake cha pili, anapangusa vumbi kwa kiganja.

"Pita huku ukae," alisema. "Mimi sina safari. Anza na jina lake."

Verlene akavuka ukingo, sketi ameishika mkononi, akakaa.

"Conrad," alisema. "Conrad Dudek. Ni fundi wa lifti."